Kalamu Niliyoitambua

Nuakshot

Dada yangu Tekber,

Nakusalimu kwa heshima yote uliyonilea nayo, nikitumaini goti lako limepoa na kwamba binti yako Mneitou na wanawe hawajambo. Mitende ya mama imezaaje mwaka huu? Mimi nasukuma siku. Daktari kanikataza chai tamu, na kwa mtu wa kwetu hiyo ni nusu ya kuzikwa.

Barua yako aliileta Hamoud, dereva wa lori la tende. Umesema jumuiya ya familia za waliofungwa itakutana hapa mjini Jumatatu ya mwisho wa mwezi, nawe umeahidi kwamba mimi ndiye nitakayesimama kumsemea marehemu mumeo Yeslem, kwa kuwa nina ulimi, ni mwandishi wa riwaya na waziri wa zamani. Nimeisoma siku tisa. Jibu langu ni hili, na ninamwomba Mneitou anayekusomea asiruke neno.

Unajua nilivyoingia serikalini. Wakubwa walisoma riwaya yangu ya kwanza, wakasema nchi inahitaji watu wenye Kiarabu safi, wakanipa idara ya machapisho. Asubuhi nilizuia vitabu vya wenzangu, alasiri nikaandika vyangu. Kila mswada niliutuma kwanza kwenu Atar, kwa Yeslem, maana sikuona mwalimu aliyeijua lugha ile kama yeye. Uliporudi ulikuwa umejaa penseli nyekundu. Unakumbuka mlivyocheka alipoandika pembeni: "Shemeji, ngamia wako sura ya tatu ni dume, sura ya tano anakamuliwa maziwa. Hayo ndiyo maendeleo ya serikali yenu?"

Ukaja ukame, na kile kikaratasi kisicho na jina, kilichoandikwa kwa mkono na kurudufiwa, kikisema wakubwa wanauza nafaka ya msaada huku watoto wa wafugaji wanafia njiani. Kilikuwa kweli tupu. Yeslem wakamtoa darasani, chaki ingali mkononi. Siku kumi baadaye redio ikasoma jina langu: waziri. Ulikuja mjini na Mneitou mgongoni, ukanishika mkono mbele ya walinzi, ukasema, "Mdogo wangu, Mungu amekuweka hapo kwa ajili yetu." Nikakuahidi kwamba nitabisha kila mlango.

Akafa baada ya mwaka na nusu katika ngome ya mashariki, miguu imevimba hata hakuweza kuvaa viatu. Hawakutuonyesha kaburi. Mimi nilidumu waziri miaka mitatu, kisha redio ileile ikasoma orodha nisiyokuwemo. Simu ikanyamaza. Ndipo nikaandika riwaya ya mfungwa, ile iliyonipa jina hadi Beiruti. Mneitou alipokuwa msichana alikusomea yote, nawe ukaniletea tende za kwanza za msimu na ujumbe kwamba sasa Yeslem amepata kaburi, liko ndani ya kitabu changu. Nilizila zile tende, dada. Nilizila zote.

Sasa nikuambie usilolijua. Mneitou mwanangu, wewe unayesoma kwa sauti, vumilia ufike mwisho.

Kabla ya Yeslem kukamatwa, ofisa mmoja wa usalama alikuja ofisini kwangu. Akasubiri nimimine glasi ya tatu ya chai, ndipo akakiweka kile kikaratasi mezani. Akasema kwa upole kwamba mimi ni fundi wa maneno, huenda nikamtambua mwandishi. Nilimtambua kwenye sentensi ya kwanza. Ningesema sijui, naye angemaliza chai yake akaenda zake. Sikupigwa. Sikutishwa. Lakini wiki ile baraza jipya lilikuwa linapangwa, na jina langu lilikuwa linatajwa. Nikavuta mtoto wa meza, nikatoa mswada wenye penseli nyekundu, nikampa alinganishe mwandiko. Alipofika kwenye ngamia akacheka, akasema, "Huyu shemeji yako ana utani." Nami nikacheka naye.

Na ile milango, sikubisha hata mmoja. Waliomhoji lazima walimwonyesha ule mswada, na uliwahi kupita mikono miwili tu, yake na yangu. Niliogopa angetoka akakuambia. Ukitaka kujua nani alimweka ngomeni, ni mimi. Na ukitaka kujua kwa nini hakutoka, ni mimi tena. Habari za viatu katika kitabu changu sikuzitunga. Nilizisoma kwenye ripoti iliyoletwa mezani kwangu Yeslem angali hai, nikaitia sahihi kwamba nimeiona.

Jumatatu nitakwenda. Sitamsemea Yeslem. Nitasimama niseme jina langu na nilichokifanya, kisha wenye watu wao waamue. Sikutaka ulisikie hili ukumbini, katikati ya wageni. Msamaha siuombi kwa karatasi. Mneitou akitaka kuja anitazame usoni nikisema, nimeacha jina lake mlangoni.

Wasalimie jirani zako na wajukuu. Ukiona salamu zangu hazifai kufikishwa, basi usizifikishe.

Nduguyo kwa damu, upende usipende,

Deddah uld Lemrabott