Kope Langu Linangoja Neno Lako

Yaya Ngoie, ndugu yangu mkubwa,

Wiki saba zimepita tangu ufe, na tangu siku ile sina kidole cha kunifunga jicho. Uso wangu ulipopooza upande wa kushoto na jicho likakataa kufungika, ni weye uliyelibonyeza kwa gumba katika kila sala, kutoka "Baba" mpaka "Amina". Dakika kumi na mbili, tena Pasta akiwa na haraka. Umekwenda bila kuniachia mtu wa zamu. Yaya, ile si upendo.

Dimanshi iliyopita, kanisani, Pasta akasema, "Kila muntu afunge macho!" Kanisa zima likafunga. Langu likabaki wazi, likamwona Pasta naye amefungua moja, anachungulia mvua dirishani. Tukakutana: yeye moja, minye moja. Kisha akaniita: "Mama, uko unachunguza nini mu sala?" Nikamjibu: "Pasta, langu ni ugonjwa. Lako je?" Sasa ninakaa benchi ya nyuma.

Kuna daktari anayeweza kunishonea kipande cha dhahabu ndani ya kope, uzito wake ulivute chini. Alijaribu kwanza kwa kunibandikia vipande juu, kwa plasta. Gramu moja: jicho likabaki nusu wazi. Moja na nusu: likaanguka kama mlango wa duka siku ya pillage, waporaji wakija. Moja na robo: likafunga, likafunguka! Nililia, Yaya. Lakini jirani alisikia "dhahabu", na sasa wachimbaji wa mgodi wa Kamatanda wanasalimia kope kwanza, minye nyuma.

Daktari anasema jicho linakauka. Likipata kidonda, nitakuwa kipofu upande ule. Na weye, mbele ya familia nzima, ulisema: "Kisu hakitagusa mutoto ya mama yangu kama minye sijasema ndiyo." Halafu ukafa! Wajomba wanashikilia kwamba neno la marehemu analitengua marehemu mwenyewe, katika ndoto. Ndoto gani? Nusu yangu haijalala miaka mitatu. Labda ndiyo maana unafika, unaona jicho wazi, unarudi.

Pumzika, Yaya wangu. Ninakuahidi, nikipona nitakuja minye mwenyewe kupalilia kaburi lako, bila kutuma mtu.

Kisu ni siku ya ine, Alhamisi hii, saa mbili asubui. Nijibu mbele ya saa moja: ndiyo ao hapana. Usinitumie nyoka wala mafumbo. Saa moja ikipita kimya, nitajua umekubali, maana katika maisha yako yote hukuwahi kukataa kitu ukiwa umenyamaza.