Ombi la Vaileth kwenye jumuiya

Jumamosi, 12 Julai. Asubuhi ya upepo na vumbi.

Febronia, nimeaibika. Jumuiya yetu ya kanisa imesali nyumbani kwangu leo. Kwenye maombi, mwanangu Vaileth akasema, "Tuombe nisilie baba na mama wakiachana, kama yule sungura wa kitabuni."

Watu wakaitikia kwa mazoea, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Nikamuuliza Vaileth ni kitabu gani.

Wakiachana. Mimi sijaambiwa lolote.

Kumbe baba yake, Agapiti, alimletea kitabu hicho kutoka Segese, akamwambia, "Mama usimwonyeshe. Hata hivyo hawezi kukisoma."

Hawezi kukisoma. Na ndiye aliyenisindikiza siku ya kwanza ya darasa la jioni la kusoma na kuandika.

Nikamwambia Vaileth, wote wakisikia, "Kilete, mama. Nitakusomea mwenyewe, hata kwa silabi, mpaka ukurasa wa mwisho."