Nilijibu "Hivyo Hivyo Tu", Jogoo Akarudishwa

Mpendwa Mayi Nakhumwa, naomba msaada wako kwa sababu kichwa kimenivurugika na hapa Mponela kila ninayemweleza anacheka. Mimi ni binti wa mkulima wa mahindi, nina miaka ishirini na saba, na kwetu hakuna anayesifu chake, shamba linaweza kuwa zuri mpaka mabua yameinama kwa uzito lakini ukiulizwa unasema "hivyo hivyo tu", maana ukisema kweli utaonewa kijicho, na mimi baba alinizaba kofi nikiwa na miaka saba kwa kumwambia mgeni kwamba ghala letu limejaa. Sasa mwezi uliopita mchumba wangu Limbikani alileta wazee wake kutoka Blantyre kwa uchumba rasmi, chinkhoswe, wao na jogoo wao, sisi na tetea wetu wa kubadilishana kama ilivyo desturi, na shangazi yake akaniuliza mbele ya watu wote, "Binti, kijana wetu unampenda?" nami bila kufikiri nikajibu, "Hivyo hivyo tu shangazi, tunasukuma siku."

Watu wa kwetu wakapiga vigelegele kwa kuwa walisikia ndiyo, lakini shangazi akasimama, "Hivyo hivyo? Tumetoka Blantyre kote kule kufuata hivyo hivyo?" akamkwapua jogoo wake wakaondoka, hata nsima, ugali wetu, hawakuigusa. Limbikani ananipigia simu, "Madalo, niambie mara moja tu kwamba una furaha na mimi, wazee nitawarudisha," na mimi nikifungua mdomo natoa habari za mvua. Kinachonichanganya zaidi, Mayi, sasa hata mwenyewe sijui, nikijitazama ndani furaha siioni, je, nimeificha mno au haipo? Amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Madalo, Mponela

Madalo mwanangu,

Pole, na uache ujinga. Kofi la baba yako lilihusu mahindi. Mahindi hayana masikio, Limbikani anayo, na alikuwa amekaa pale anakusikia.

Unaniuliza kama furaha ipo. Kwani mkulima aliyekaukiwa na shamba husema "hivyo hivyo tu"? Hasemi, anakuja kukuomba debe la unga! Ila mimi simo moyoni mwako, usinitume nikakuamulie.

Simu achana nayo. Mchukue mjomba wako mpande basi Jumamosi, uende kwa shangazi yule yule, upige magoti, useme kwa maneno kamili: nampenda. Neno likikataa kutoka kwa sababu si kweli, sema hivyo pia, kijana wa watu akatafute maisha yake. Na mjomba asikujibie.

Mimi nimezaliwa Ntchisi, kwa wakulima kama nyinyi. Mume wangu aliugua miezi minne, na kila asubuhi aliniuliza kama tumeishi vizuri, nami nikimjibu, "Si haba, baba." Amezikwa na hiyo si haba yangu, na hakuna siku nisiyojuta.

Jumamosi, Madalo. Mwisho wa mwezi ni mbali mno.