Bakuli Ulilopewa na Mchimbaji

Kambarage, Shinyanga

Kabula mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku tuko salama. Mdogo wangu, bibi yako Minza, anakusalimu. Angekuandikia mwenyewe, ila mikono yake inatetemeka tangu utotoni.

Umeniuliza ugandishe vipi maziwa yawe mazito, uyasage na embe kwenye blenda umpe mtoto. Chemsha, yaache yawe vuguvugu, tia kijiko cha maziwa mgando ya jana, funika, usiyatikise mpaka kesho. Lakini umesema unagandishia kwenye bakuli ulilopewa na jirani mchimbaji. Tangu nisome hapo sijatulia.

Nilipokuwa msichana, kaka yetu alirudi kutoka machimboni na bakuli la namna hiyo. Nililiosha kwa sabuni, nikagandisha maziwa, nikapondea papai humo humo. Chini nikaona kitone kinang'aa kama fedha. Nilipokigusa kikagawanyika, vikakimbia kidole. Nikamwita mama, nikidhani tumepata bahati. Kumbe ilikuwa zebaki, ile sumu. Humo wachimbaji walikuwa wanaitumia kukamatia dhahabu. Mama alimwaga yote, akafukuza hata kuku wasidonoe.

Bakuli lilikuwa safi kabisa kwa macho, Kabula. Hilo ndilo linalonitia hofu. Ng'wanawane, mwanangu, kabla hujasaga tena, kamuulize huyo jirani lilikuwa la kazi gani, kisha unipigie.

Siku ile mama alimuuliza Minza kama ameonja. Akasema hapana. Mdomo wake wa juu ulikuwa mweupe wa maziwa.

Bibi yako