Andikeni Bila Majina

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa, Kitinda,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Na mgongo je, bado unakusumbua kwa kukaa mno? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama asubuhi anatembea bila fimbo, jioni anaidai. Mimi ni macho tu. Kutunga uzi sasa mpaka nibembeleze.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako imenishinda. Nikipiga, hatujamaliza hata kujuliana hali, ile nyingine ya kazini inalia, nawe unasema, "Dada, ngoja kidogo." Hicho kidogo chako hakina mwisho! Juzi nilingoja na simu sikioni mpaka pasi ikaunguza ukosi wa shati la mteja. Kanitukana, na ana haki.

Mama anasema ulimwambia unaichukia hiyo kazi. Sikuamini. Kazi tuliyoiombea mpaka magoti yakaota sugu? Siku uliyoipata nilisimama katikati ya ibada nikatoa shukrani, nikalia mpaka kilemba kikadondoka. Jirani yangu bado ananiuliza, "Yule mdogo wako wa kompyuta, bado anakalia kiti kinachozunguka?" Namjibu, "Bado, na chai anapewa bure."

Sasa niambie, wala usinifiche. Kuna nini huko? Wanakutukana? Wanakupiga? Au ni wewe umeanza kudeka?

Ni mimi dada yako mkubwa

*

19 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua imekukuta mzima, macho na yote. Mpe Mama shikamoo yake. Mgongo wangu upo, unauma palepale.

Hakuna anayenipiga, Dada. Afadhali wangenipiga, ningekuwa na alama ya kukuonyesha.

Kampuni yetu ni ya wastani. Watu hudhani hapo ndipo pazuri. Si ndogo kiasi cha mwenyewe kukujua jina, wala si kubwa kiasi cha wewe kupata pa kujificha. Wahandisi wa programu tunakaa ukumbi mmoja, meza ndefu kama za kusubiria chakula, na ukutani wamepaka kwa herufi kubwa: SISI NI FAMILIA. Chai ni bure kweli, ila unainywa huku mtu amekusimamia mgongoni anauliza, "Itakuwa tayari saa ngapi?" Programu waliyotuambia tuijenge, wakatuambia tuibomoe, sasa wanatuuliza kwa nini haijaisha. Tukiomba muda wa kuijaribu, wanasema mteja hangoji. Ikiharibikia kwa mteja, ile simu inalia, na mwenye zamu ainuke popote alipo, awe mezani au kwenye sala. Ndiyo hiyo inayotukatiza mimi na wewe.

Timu yetu ina watu watatu. Kuna Baba Pacha, aliyejaliwa wawili kwa mkupuo, na tangu hapo anaitikia "sawa" kwa kila kitu. Kuna mimi. Na kuna binti mmoja tunamwita Kengele, kwa sababu jambo likienda kombo yeye ndiye wa kwanza kulia. Nilipoanza, ndiye aliyenikalisha akanifundisha kazi, huku akinichamba: "Hebu nione. Hii umeiandika au umeimwaga?"

Sasa sikia. Mwezi uliopita bosi wetu, ambaye sisi kwa sisi tunamwita Tabasamu, alituletea maswali kwenye kompyuta. Mnafikiri nini kuhusu kufanya kazi hapa? Andikeni bila majina, semeni ya moyoni. Kengele alikataa kujaza. Alisema, "Mimi nikiwa na neno nalisema usoni." Mimi nikajaza, Dada. Niliandika kwamba viti vyetu vinazunguka pande zote, lakini sisi tunaruhusiwa kutazama upande mmoja tu, wa bosi. Niliandika na mengine, makali kuliko hayo.

Unajua walifanya nini? Majibu wakayatoa timu kwa timu! Yetu ya watu watatu: mmoja ameridhika, mmoja hakujaza, mmoja amekasirika. Na maneno ya huyo aliyekasirika yakabandikwa chini yake, yote, watu wote wasome. Hapo jina la nini tena?

Tabasamu akaja mezani kwetu. "Mmoja wenu ana machungu," akasema. "Sijui ni nani, wala sitaki kujua." Huku anamtazama Kengele. Kengele naye akamkazia macho. Mimi nikatazama kompyuta.

Ninawaka, Dada. Nataka nisimame niseme ni mimi. Nifanyeje?

Mdogo wako, Kitinda

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Hali yako? Sisi wazima, Mungu ashukuriwe.

Barua yako niliisoma nikiwa na mkasi mkononi, na namshukuru Mungu huyo Tabasamu hakuwa karibu. Familia gani hiyo inayowaambia watoto semeni ya moyoni, kisha inazunguka kumtafuta aliyesema? Hata mimi hapa kwenye cherehani, mteja akiniuliza gauni limemkaaje, namwambia. Akinuna, anune. Hao wamesoma wapi?

Lakini nisikilize. Funga mdomo. Nakuambia kama nilivyokuwa nakuambia ukiwa mgongoni mwangu: nyamaza, dada yupo. Umehangaika mno kufika hapo. Ukisimama leo useme ni mimi, kesho uko nje, na huku Mama ataacha kula. Huyo Kengele ana mdomo wake, atajitetea. Wewe inamisha kichwa, fanya kazi, waache wasahau. Mimi nakuombea kila alfajiri, na huyo binti nitamwombea pia.

Usisimame. Umenisikia?

Dada yako mkubwa

*

21 Juni

Dada,

Shikamoo. Habari za macho? Mama hajambo? Mimi mzima.

Nisamehe kwa kimya. Nina habari ya kukufurahisha: wamenipa cheo. Sasa mimi ndiye mkuu wa timu. Tabasamu alinishika mkono mbele ya ukumbi mzima, watu wakapiga makofi. Mwambie jirani kiti changu sasa kina hata mikono ya ngozi.

Kengele hayupo tena. Walimwita kwenye chumba cha vioo, ofisi ya Tabasamu, akatoka wakasema nafasi yake haihitajiki. Wiki hiyohiyo wakatangaza nafasi kama hiyo. Baba Pacha alisema "sawa." Hakuna aliyemsindikiza mpaka kwenye lifti. Mimi tu nilimfuata, nimembebea kikombe chake alichokisahau, basi.

Akakipokea. Akaniambia, "Yale ya viti yalikuwa mazuri. Safari hii hukumwaga, uliandika."

Dada, alijua. Tangu siku ya kwanza alijua ni mimi, na hakusema. Mlango wa lifti ukajifunga nami nimesimama kama mwiko.

Usinilaumu. Ni wewe uliyeniambia nifunge mdomo. Nimefunga. Haya, furahi.

Kitinda

*

29 Juni

Kitinda,

Nakusalimu, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Kama u mzima, vizuri. Mama mzima. Mimi sina hali ya kuelezeka.

Mama alipolisikia neno "cheo" hakusikia lingine. Akaniambia nisimame kwenye ibada nitoe shukrani kama mara ile. Nikasimama. Nikafungua mdomo. Mbele ya macho yangu nikamwona mtoto wa watu na kikombe chake mkononi, anangoja lifti. Nikakaa chini. Wakadhani nimeshikwa na kizunguzungu, wakanipepea kwa kanga.

Nina hasira na hao waajiri wako mpaka nimeshona mkono wa shati kinyume. Nina hasira na wewe. Na mimi nimejikasirikia kuliko nyote, kwa maana nilikaa hapa na Mungu mdomoni, nikamtoa kafara binti wa mwenzangu ili wa kwetu apone. Eti atajitetea! Alikuwa anakutetea wewe.

Basi nayafuta yale niliyokuambia. Sikukosea kukupenda, ila nilikosea kukushauri. Nenda kwa huyo Tabasamu, mchana, watu wakiwepo, useme: yale maneno ni yangu. Kisha umtafute huyo binti, umwambie na yeye, hata kama anajua. Wakikufukuza, njoo. Nimeisogeza cherehani, pale dirishani panatosha kitanda. Mama nitamweleza mimi, na fimbo yake anipige nayo.

Wala usiniandikie tena habari za kiti.

Dada yako, bado mkubwa

*

12 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na Mama hajambo. Mimi mzima, hata mgongo umenyooka kidogo.

Nimesema. Ilikuwa kwenye kikao cha asubuhi, wahandisi wote wamesimama. Nikasema, "Yale maneno ya mwezi wa pili niliyaandika mimi, si Kengele." Baba Pacha ndiye pekee aliyetoa sauti, akasema "mh," na kwa Baba Pacha hiyo ni hotuba.

Tabasamu hakukasirika, Dada. Alitabasamu. Akanipeleka chumba cha vioo, akafunga mlango, akaniambia, "Tunajua. Tulijua siku ileile, kompyuta inatuonyesha kila aliyejaza." Nikamuuliza, sasa Kengele mlimfukuzia nini? Akasema, bila hata kupepesa, "Tulimuuliza ni nani, tuone yuko upande gani. Akakataa kutaja. Wewe hatukukuuliza, na ukanyamaza mwenyewe. Mtu wa hivyo ndiye tunayemtaka kuongoza."

Nilidhani nitapiga kelele. Cheo chote kile, na makofi yale, kumbe walikuwa wanalipa ukimya wangu, na mimi nikashukuru.

Nikaitoa ile simu ya kazi nikaiweka mezani pake. Kama imetumwa, ikalia. Mteja, programu imekwama. Tabasamu akaitazama, akanitazama. "Pokea," akasema, "zamu ni yako."

Nikamwambia, "Pokea wewe. Si sisi ni familia?"

Nikatoka. Hapo ndipo alipoacha kutabasamu. Nilimwona kupitia kioo, anaigeuzageuza simu hajui pa kubonyeza.

Kengele nilimwandikia yote, kurasa na kurasa. Yeye akanijibu mstari mmoja tu: "Hii umeiandika au umeimwaga?" Sijui kama nimesamehewa. Nitamwendea kesho nimwambie usoni, kwa sababu yeye ndivyo anavyotaka mambo.

Mizigo nimefunga. Sasa nina simu moja tu, ukipiga haitakatizwa na mtu. Lakini Mama asisikie habari hizi kwa simu, kwa hiyo nangoja barua. Niambie umemweleza nini, na kama pale dirishani bado pana nafasi. Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako, Kitinda