Bolti Yenye Doa Jekundu

Ijumaa, jioni. Upepo umeshinda ukivuma Mwankoko nzima, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Nina hasira, ila si na upepo.

Wanaonifahamu wanajua jambo moja: siwaamini mafundi wa magari. Mwaka jana niliingia gereji moja hapa mjini nikiwa na betri mpya, nikatoka kidogo kununua nyanya, nikaondoka na betri kuukuu iliyofutwa vumbi. Niliingizwa mjini mchana kweupe, mimi mwalimu wa hesabu, na fundi akanisindikiza mpaka barabarani akinitakia safari njema.

Tangu siku hiyo, nikipeleka gari gereji nakaa nalo. Sinywi chai, siendi chooni.

Gari lenyewe lina umri wa kijana aliyemaliza chuo na bado anakaa kwao. Miezi miwili hii lilikuwa linatetemeka kila likisimama, na ukiingiza gia linagonga mbele, ngo! Mama yangu, niliyempakia kutoka Kiomboi mwezi uliopita, alishuka akilalamika kwamba meno yanamuuma, ni kama amesafiri juu ya mashine ya kukamua alizeti. Nikaambiwa tatizo ni mauntingi, vile vipande vya mpira na chuma vinavyoikalisha injini mahali pake. Mpira umekufa, bolti zimeliwa na kutu.

Nilinunua mwenyewe mauntingi tatu pamoja na bolti zake, orijino, nikazikagua dukani mpaka muuzaji akachoka. Halafu jana nikafanya kitu nilichokiona cha akili sana. Nilichukua rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, nikaweka doa dogo kwenye kila mauntingi na kila kichwa cha bolti. Fundi akithubutu kunibadilishia, namkamata na ushahidi mkononi.

Jirani yangu ndiye aliyenielekeza kwa Mzee Rajabu, mtu wa miaka sitini na kitu, ambaye gereji yake ni uwanja na paa la mabati. Shule zimefungwa, kwa hiyo saa mbili asubuhi nilishafika. Nikampa shikamoo yake kwa heshima zote, kisha nikampa masharti: spea kuukuu zote nirudishiwe, hata kipande kilichovunjika. Akaitikia marahaba, akasema hakuna shida mwalimu, utapewa mfuko wako. Alivyokubali haraka namna ile, machale yakanicheza.

Kwenye benchi nilimkuta mwanaume mmoja wa Shelui mwenye pikapu ya bluu. Anauza vitunguu kule, pale malori yanaposimama. Alikuwa ameleta kazi ya kushusha injini nzima, kazi ya siku tatu, na alikuwa anasubiri zamu yake. Tulipiga soga vizuri tu, ila jicho langu moja lilibaki kwenye gari.

Mzee Rajabu anafanya kazi taratibu mpaka inakera. Aliibeba injini kwa jeki na kipande cha ubao, akatoa mauntingi ya kwanza, akaweka mpya. Bolti akazizungusha kwa vidole tu. Akaenda kwenye ya pili, ile ya mbele inayofikika ukijilaza chini, nayo hivyo hivyo, kwa vidole. Spana iko pembeni, haiguswi.

Nikajisemea, hilo ni changa la macho. Anaziacha zimelegea makusudi ili wiki ijayo nirudi tena kwake.

Mbona sikumuuliza? Hapa ndipo panaponiuma. Wanafunzi wangu wasipouliza huwa nawafokea. Mimi leo sikuuliza kwa sababu sikutaka kuelewa, nilitaka kumkamata.

Adhana ikasikika. Mzee akanawa mikono, akasema mauntingi ya nyuma ataifunga akirudi kutoka kuswali. Yule wa Shelui akaongozana naye msikitini. Nikabaki mimi, gari langu na spana.

Shajara, nilijilaza chini ya gari. Mwanamke mzima, na sketi yangu.

Niliivalisha spana ile bolti ya mbele nikaivuta. Ikakazika. Nikavuta tena kwa nguvu zangu zote, mguu nimeuegemeza kwenye tairi. Ikalia, halafu ghafla ikawa nyepesi, ikawa inazunguka bila kushika. Nilijua hapo hapo kwamba nimeharibu. Nikajifuta grisi kwa leso, nikairudisha spana pale pale nilipoikuta, nikaenda kukaa kwenye benchi kama mgeni anayesubiri chakula.

Waliporudi, mauntingi ya nyuma ilikataa kuingia. Matundu hayakukutana. Mzee alisukuma huku, akavuta kule, mwisho akajilaza chini ya gari. Alipotoka alikuwa ameishika ile bolti, imekwisha meno. Yule wa Shelui akataka kujua kulikoni. Mzee akamweleza kwa upole kwamba bolti hizi hazikazwi moja moja. Zote hushikizwa kwa vidole kwanza, injini ishushwe ikae yenyewe inavyotaka, ndipo zikazwe. Ukikaza moja kabla ya nyingine, injini inavutwa upande.

"Sasa hiyo nani kaikaza?" akauliza yule wa Shelui.

Mzee Rajabu aliifuta bolti kwa kidole gumba. "Nimeikaza mimi," akasema. "Kusahau tu. Uzee huu."

Nilikuwa na mdomo, na muda wa kusema nilikuwa nao. Badala yake nilijiambia labda kweli anadhani ni yeye, basi Mungu kanisitiri, yaishe.

Yule wa Shelui aliinuka, akajikung'uta vumbi, akasema kwa adabu, mzee wangu, nitapita siku nyingine. Akawasha pikapu yake akaondoka. Hatapita, sote tulijua. Na atakayoyasimulia pale malori yanaposimama yatamfikia kila dereva wa njia ile: Mzee Rajabu siku hizi anasahau, usimpe injini yako. Mzee aliitazama pikapu mpaka ikakata kona, kisha akarudi kazini.

Alitoa bolti nyingine kwenye kopo lake akaifunga. Na mimi nikaikodolea macho nikijiuliza kama ni orijino. Ndiyo, hata wakati ule!

Mauntingi ya nyuma ikaingia, akaishusha injini, ndipo akazikaza zote. Alipowasha gari nilidhani limezima. Halitikisiki, haligongi. Akanikabidhi mfuko wangu umefungwa fundo, akaniambia nihesabu nikifika nyumbani. Nikaona ananikejeli.

Nimehesabu. Mauntingi tatu kuukuu zimo, bolti za kutu zimo zote. Chini kabisa kulikuwa na leso yangu, ambayo hata sikujua kama niliidondosha chini ya gari. Ilikuwa imesuuzwa kwa petroli, imekunjwa vizuri. Sikumwona akiifua, mimi niliyekodoa macho kutwa nzima. Ndani yake amefunga ile bolti iliyokwisha meno, na kichwani doa langu jekundu bado linaonekana. Alama niliyoweka ili nimkamate mwizi.

Alijua. Tangu anatoka chini ya gari alikuwa anajua.

Wazo la kwanza lililonijia naona haya kuliandika, ila shajara ni ya nini kama si kwa haya: huyu mzee anataka nini kwangu? Kwa nini anisitiri? Nimezunguka na swali hilo tangu saa kumi, nikitafuta mtego. Nimefika mahali pa kushuku leso iliyofuliwa.

Hakuna mtego. Kuna mzee aliyekubali kuonekana hajui kazi yake ili mwalimu asiaibike mbele ya watu, na kuna mwalimu aliyemwacha.

Kumwomba radhi peke yake chini ya paa lake la mabati hakutoshi, kwa sababu jina lake halikuharibikia hapo. Linaharibika Shelui. Yule mtu simjui jina, lakini najua vitunguu vyake na pikapu yake ya bluu vinapatikana wapi. Nimejipa visingizio vya kutokwenda. Ni mbali. Atanicheka. Atawasimulia madereva habari za mwalimu aliyejilaza chini ya gari na sketi. Yote kweli. Kikabaki kimoja cha mwisho, nilichokuwa nakitumia miezi miwili hii kila nisipotaka kwenda mahali: gari langu ni bovu, linatetemeka, njia ile haliiwezi.

Nimetoka sasa hivi uani kuliwasha, nikaweka mkono juu ya boneti.

Limetulia kabisa.