Mtoto Asiye na Karatasi

9 Februari

Mama,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Sisi huku wazima kabisa.

Nyumba ya kampuni si mbaya, ghorofa ya tatu, vyumba viwili, maji ya moto hayakatiki. Baba watoto bado anatunza mashine za vyumba vya baridi, pale nyama inapogandishwa kabla ya kusafirishwa. Chiriku ametimiza miaka kumi na lugha ya huku anaijua kuliko sisi, ndiye mkalimani wetu. Mdogo wake, Donge, ameng'oka meno mawili. Na mimi nina mimba ya miezi mitano.

Mkataba uliisha Desemba, ila meneja ametuomba tusubiri kidogo mpaka apatikane fundi mwingine. Kwa hiyo usitandike vitanda kwanza.

Mwanao


1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, yanalalamika kuliko mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ina maji ya moto, ina meno ya Donge, lakini haina mtaa. Mwaka wa tatu huu uko huko, hujawahi kunitajia duka, wala njia, wala mtu uliyesalimiana naye barabarani. Nimezalisha wanawake miaka thelathini na moja. Anayeficha uchungu namjua kwa anavyosema "sijambo".

Pasipoti zenu ziko wapi? Na kliniki umeanza lini? Jibu hayo mawili tu.

Mama yako


22 Machi

Mama, shikamoo. Umenikamata.

Pasipoti ziko kwa meneja, kwenye sanduku la chuma, tangu siku tuliyofika. "Kwa usalama wenu," alisema. Bila hizo hatuwezi kusafiri, na hospitali hawanifungulii faili. Getini kuna mlinzi, na hutoki bila karatasi yenye sahihi ya meneja. Ijumaa basi la kampuni linatupeleka sokoni, linatusubiri, linaturudisha. Hapo ndipo ninapozitia barua hizi posta. Mtaa ninaoujua ni ule wa dirishani: ukuta, nguzo ya umeme, na fundi viatu ambaye watoto wamembatiza Bwana Gundi.

Baba watoto huenda kwa meneja kila Jumatatu, anarudi na jibu lile lile: "Wiki ijayo." Siku hizi hata ndevu hanyoi. Jana Chiriku aliniuliza, "Mama, sisi tumefanya kosa gani?"

"Hatujafanya kosa."

"Basi mbona hatutoki?"

Nikamtuma jikoni akalete kijiko ambacho sikukihitaji.

Nina jirani mmoja tu wa kunifaa. Mumewe alikuwa mchomeleaji hapa, akaenda kutafuta kazi kwingine, akapotelea huko. Kibali cha ukaazi cha mama wa watu kikaisha naye yumo humu humu, anawafulia wake za mafundi nguo. Akikamatwa atawekwa ndani mpaka nchi yake imchukue, na wapo waliokaa zaidi ya mwaka. Hatuna lugha moja. Tunaongea kwa mikono na kwa kucheka.

Nifanyeje, mama?

Mwanao


14 Aprili

Mwanangu,

Na mimi ndiye niliyekuaga kwa nderemo! Haya, machozi nimeyaweka kando, sasa anasema mkunga.

Huenda ukajifungulia humo. Mfundishe huyo jirani mapema, usingoje siku yenyewe. Nyuma ya barua hii nimechora picha sita, na picha haihitaji mkalimani. Wembe uwe mpya. Uzi uchemshwe. Kondo la nyuma likikawia asilivute, atakuua. Mtoto akitoka kimya amsugue mgongo kwa nguvu, asimwonee huruma. Damu ikizidi, hapo msiulize sahihi ya mtu, vunjeni geti. Na mumeo asisimame mlangoni akihema. Mpeni kazi.

Ungekuwa hatua mia kutoka hapa ningekuja hata kwa kutambaa.

Mama yako


19 Juni

Mama, shikamoo. Ni wa kiume.

Uchungu ulinishika saa nne asubuhi, baba watoto akiwa kazini. Chiriku alikimbia getini. Mlinzi akamwambia meneja amesafiri, hakuna wa kutia sahihi, na yeye ana watoto wa kulisha. Jirani akaja na picha zako mkononi, akazibandika ukutani kwa sabuni ya mche. Aliwapeleka wasichana wetu ukumbini, akavua pete, akanawa mpaka kwenye viwiko.

Mtoto alitoka kimya. Niliona rangi yake, bluu. Jirani akamgeuza, akamsugua, akamsugua, huku akimgombeza kwa lugha yake kama mtu anayemwamsha mvivu, mpaka akakohoa. Kisha yeye ndiye aliyelia, mtoto akafuata.

Baba watoto alipofika jioni alipiga magoti sakafuni na buti zake za kazini, akasema, "Basi. Imetosha."

Mwanao


25 Julai

Mama, shikamoo.

Barua hii anakuletea baba watoto mkono kwa mkono. Ndiyo, wanakuja, yeye na wasichana.

Wiki tatu zilizopita mashine kubwa ya baridi ilikufa. Hakuigusa; ilikufa yenyewe, kwa uzee. Akaketi juu ya kreti, akakunja mikono. Meneja alikuja mbio.

"Washa mashine!"

"Mkataba wangu uliisha Desemba. Mimi ni mgeni tu hapa."

"Nyama itaoza!"

"Nasi tumeoza humu miezi saba. Pasipoti."

Kufikia saa tisa maji mekundu yalikuwa yanapita chini ya milango. Meneja akazileta kwenye bahasha. Baba watoto alizihesabu, akazitia ndani ya shati, ndipo akafungua kisanduku cha vifaa.

Kesho yake meneja alifuta vibali vyetu vyote; getini sasa hatuzuiwi. Uhamiaji wakatupa muda mfupi wa kuondoka. Ila mtoto hana karatasi hata moja, na bila cheti cha kuzaliwa haruhusiwi kupanda ndege. Mimi nimepewa miezi miwili kwa kuwa namnyonyesha. Ikipita, tunawekwa ndani yeye nami.

Afisa wa vizazi anataka shahidi mzima aliyeona kwa macho yake, afike mwenyewe na kitambulisho. Mzazi hakubaliki, watoto hawakubaliki. Aliyeona ni mmoja tu, mama, nawe unamjua.

Nyumba wameichukua. Nimehamia chumbani kwake, kibanda cha nyuma ya tangi la maji.

Mwanao


2 Agosti

Mwanangu,

Wamefika. Chiriku ametoka na kuingia mlangoni mara ishirini, hakuna aliyemuuliza kitu. Mumeo halali. Anashinda kwenye ofisi za wakubwa, na wote wanamjibu: lete cheti.

Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi. Kwa huyo mwanamke nina deni lisilolipika, na sasa nakuambia: mwombe. Najua nakutuma kuomba nini. Kama ni dhambi, iandikwe kwangu, si kwako.

Mama yako


20 Septemba

Mama, shikamoo.

Cheti ninacho. Tiketi ni ya Alhamisi.

Sikumwomba, ingawa habari ya shahidi alishaielewa kwa ishara zetu. Usinipongeze kwa hilo. Nilimwonyesha vidole tisa, kwamba siku zimebaki tisa, na nilijua kwa nini namwonyesha. Alivitazama, akaendelea kukamua shuka.

Asubuhi nilimkuta amevaa gauni lake zuri. Alichukua kitambulisho chake kilichoisha muda, akambeba mtoto yeye mwenyewe, tukatoka naye. Njiani nilisimama mara mbili. Nilimwambia kwa lugha yetu, "Turudi, dada." Sijui kama nilimaanisha. Alinishika kiwiko, tukaendelea.

Afisa alisoma kitambulisho, akamtazama, akamsogezea fomu. Jirani akatia dole gumba. Kisha afisa akainua simu. Sote tulielewa simu ile ni ya nini. Hakukimbia. Alimfunga mtoto vizuri kwenye khanga, akanikabidhi, akanusa utosi wake. Walikuja askari wawili, mmoja mwanamke. Alitembea katikati yao kama mtu anayekwenda kazini.

Nimekwenda kituoni siku nne mfululizo na chakula. Jana wakaniambia amehamishwa. Wapi? Hawasemi. Jina lake kamili nililisoma kwenye cheti cha mwanangu, kwenye mstari wa shahidi. Kabla ya hapo sikulijua. Nimelinakili mahali patatu. Baba watoto aanze nalo huko kwa hao wakubwa, asingoje nifike.

Nipokeeni, mama. Ila usipige vigelegele.

Mwanao